Karatasi za Miraba

Mwaka ule nilikuwa siwezi kukaa mahali pamoja. Hata darasani nilifundisha nikitembea, ubaoni hadi dirishani, dirishani hadi mlangoni, na wanafunzi wangu wa Handeni walinitania kwamba soli za viatu vyangu zinaishia kwenye vipindi vya baiolojia. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, mwanamke peke yangu katika chumba cha walimu kumi na mmoja. Nilizaliwa Korogwe, baba Mzigua, mama Msambaa, na nilikuwa kwenye mwaka wa nne wa ndoa bila mtoto.

Mume wangu alikuwa mtunza ghala katika shamba la mkonge hadi shamba lilipopunguza watu. Zilikuwa enzi za ruksa. Kila aliyepoteza kazi aliambiwa afanye biashara, naye akafanya: alipeleka machungwa Dar es Salaam, akarudi na marobota ya mitumba, na kati ya safari na safari akakaa Segera, pale njia panda, akisubiri lori lenye nafasi. Mimi nilibaki Chanika, mtaa wa hapohapo Handeni, katika chumba cha kupanga chenye kalenda ukutani. Nilikuwa nahesabu siku zangu. Siku ya kumi na nne, kama kitabu kilivyosema, niliizungushia duara kwa kalamu nyekundu, na karibu kila mwezi duara lile lilimkuta mume wangu Segera. Akirudi, siku imepita. Tuligombana kwa sababu ya ndoo, kwa sababu ya chumvi, kwa sababu ya mlango kuachwa wazi, na wote wawili tulijua si ndoo wala chumvi.

Jumatatu moja msichana wa kidato cha pili alisimama kujibu swali la jiografia, na sketi yake ikawa na doa la damu. Wavulana wa nyuma wakacheka. Mmoja akapiga mluzi. Msichana alifunga sweta kiunoni, akatoka, na hakuonekana darasani wiki nzima. Mkuu wa shule akaniita ofisini. Alikuwa mtu mpole, karibu na kustaafu, na alipokuwa na jambo gumu la kusema alipenda kupanga upya kalamu zake mezani.

"Mwalimu, wewe ni mama," akasema, ingawa alijua sikuwa mama wa mtu. "Zungumza na hawa mabinti. Mambo yao yale."

Nikawakusanya baada ya vipindi, wasichana thelathini na kitu, katika chumba tulichokiita maabara kwa sababu kilikuwa na sinki. Kwa Kiingereza cha kitabuni somo la uzazi nililimudu. Ningeweza kulichora nikiwa nimefumba macho. Kwa Kiswahili, mbele ya nyuso zile, ulimi ulinenepa. Nilianza kwa kuuliza wao wanajua nini. Wakatazamana. Mmoja aliyekuwa amewekwa ndani na kufundwa alisema somo yake, yule kungwi aliyemfunda, alimkataza kutia chumvi kwenye chakula siku hizo, na kwamba tangu sasa akiguswa tu na mwanamume atapata mimba. Mwingine alisema mama yake alimpa vipande vya khanga kuukuu, akamwambia afue asionekane, basi. Wengi hawakuwa wameambiwa lolote. Siku ya kwanza walidhani wanakufa.

Nikawaeleza. Nikachora mji wa mimba ubaoni, nikachora yai, nikasema mwezi wa mwanamke una siku ishirini na nane na yai hupevuka siku ya kumi na nne. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Msichana mmoja wa familia ya wafugaji wa kule nyikani akanyoosha mkono.

"Mwalimu, na ng'ombe?"

Wenzake wakacheka, lakini yeye hakuwa anatania. Nikamwambia ng'ombe hurudi kwenye joto baada ya siku ishirini na moja.

"Kila ng'ombe?"

"Kila ng'ombe."

"Hapana, mwalimu," akasema kwa adabu. "Baba anao wawili ambao hawako hivyo."

Nikamwambia tutazungumza ng'ombe siku nyingine.

Nilichofanya baada ya hapo nilikiona ni cha maana sana. Kwa rula na penseli nilichora karatasi za miraba, mraba mmoja kwa kila siku, nikampa kila msichana yake. Siku za damu aweke alama, siku nyingine aache mraba mtupu. Baada ya miezi mitatu wanirudishie. Nikawaambia waandike majina juu, kama tunavyoandika kwenye mtihani. Ilikuwa tabia ya ualimu tu. Sikufikiri.

Waliporudisha karatasi nilizitandaza kitandani kwangu Chanika, nikaanza kuhesabu nikiwa nimesimama. Ya kwanza siku ishirini na nne, kisha thelathini na tatu. Ya pili thelathini, kisha ishirini na sita. Nyingine ilikuwa na arobaini. Nilipekua zote nikitafuta ishirini na nane. Nilizipata mara tatu katika lundo zima, na hakuna msichana aliyekuwa nazo mara mbili mfululizo. Nilizunguka chumba. Nikaitazama kalenda yangu ukutani, na kwa mara ya kwanza nikahesabu kwa uaminifu siku zangu mwenyewe, sio zile nilizozitaka. Zilikuwa thelathini na mbili, thelathini na nne, thelathini na moja.

Jumamosi nilikwenda Korogwe, hospitali, kumtafuta muuguzi mmoja wa wodi ya wazazi aliyekuwa jirani wa mama yangu. Alikuwa anakunja mashuka. Nilimweleza.

"Nani alikwambia uhesabu kwenda mbele?" akaniuliza. "Yai likishatoka, damu huja baada ya wiki mbili hivi. Hapo hapabadiliki sana. Kinachobadilika ni mwanzo, kungoja yai lipevuke. Linaweza kungojwa siku kumi, linaweza kungojwa mwezi. Kwa watoto waliovunja ungo juzi ndio kabisa."

"Kwa hiyo mtu hawezi kujua mapema?"

"Anajua baadaye, damu ikishakuja. Ndiyo maana kina mama wanaozuia mimba kwa kalenda nawapokea humu kila siku." Akanitupia pembe moja ya shuka nimsaidie. "Na hofu pia inachelewesha. Na njaa."

Nilirudi Handeni nikiwa na haraka ya kusahihisha. Nilipanga maneno njia nzima. Lakini karatasi nilikuwa nimekwisha kuzipeleka shule, na Ijumaa kabla ya safari niliziacha kwenye droo ya meza yangu katika chumba cha walimu, droo isiyo na kufuli.

Jumatatu mwalimu wa nidhamu alinisubiri mlangoni. Alikuwa amezishika.

"Kazi nzuri hii, mwalimu," akasema. Alimaanisha kweli. "Imenirahisishia. Huyu hapa."

Ilikuwa karatasi ya msichana wa Makuyuni, binti mtulivu wa kidato cha pili aliyekuwa wa kwanza katika hesabu. Alama zake zilikuwa nadhifu. Baada ya alama ya mwisho ilifuata miraba mitupu, safu baada ya safu, hadi mwisho wa karatasi.

"Hiyo haina maana ana mimba," nikasema.

"Wewe si ndiye uliyewafundisha ishirini na nane?"

Alikuwa amekwisha kumsimamisha darasani Ijumaa ileile jioni, wakati wa kujisomea, mimi nimekwisha kuondoka shuleni, mbele ya wavulana na wasichana, na kumuuliza amelala na nani. Msichana alisema hajalala na mtu. Ukaguzi wa mimba wa muhula ulikuwa umepangwa Jumanne ya wiki hiyo: wasichana wote hupanga mstari nje ya stoo, nesi wa zahanati huwabonyeza matumbo mmoja mmoja, na mwalimu wa kike husimama pale kama shahidi. Shahidi huyo nilikuwa mimi, muhula baada ya muhula. Msichana wa Makuyuni hakuingoja siku hiyo. Jumamosi alfajiri kitanda chake bwenini kilikutwa kitupu.

Niliomba ruhusa ya kumfuata kwao. Mkuu wa shule alipanga kalamu zake, akasema barua kwa wazazi imekwisha kuandikwa na kukabidhiwa utingo wa basi. "Mwalimu, mambo haya yana taratibu zake," akasema. Sikumbuki nilimjibu nini. Nakumbuka nilipanda lori la mahindi lililokuwa linatoka sokoni, nikakaa juu ya magunia, na vumbi la njia ya Korogwe likanifanya mwekundu hadi kwenye kope. Dereva alisimama kila mahali. Alisimama kununua mkaa, akasimama kusalimia shemeji yake. Kila aliposimama nilishuka nikatembea mbele peke yangu, akanikuta njiani. Mara ya tatu akaniuliza, "Dada, unakimbizwa?"

Nililala kwa mama Korogwe, asubuhi nikapata gari la kwenda Makuyuni. Nyumba yao ilikuwa mwendo wa nusu saa kutoka barabara kuu, katikati ya mahindi yaliyoanza kutoa ndevu. Baba yake, mzee mwembamba mwenye kofia ya kiua, alikuwa anachonga mpini wa jembe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mwalimu wao?"

"Ndiye mimi."

"Yule wa makaratasi?"

"Ndiye mimi, mzee."

Hakunikaribisha kukaa. Aliendelea kuchonga. Alisema alimpeleka mtoto shule ya mbali, watu wakimcheka, na hiki ndicho alichorudishiwa. Alisema kuna mtu wa Mombo, mwenye duka, aliyefiwa na mke, ambaye amesikia habari na yuko tayari kumchukua binti hivyohivyo alivyo. Mtu huyo atarudi Ijumaa kuchukua jibu.

Mama wa msichana alinivuta jikoni, akajifanya ananipa maji. Alinong'ona kwa Kisambaa aliposikia nakijua.

"Mwanangu yuko mwezini. Tangu juzi."

"Una hakika?"

"Mimi ndiye niliyempa vitambaa."

"Baba yake anajua?"

"Atajuaje?"

"Mwambie, mama!"

Alinitazama kana kwamba nimemwambia avue nguo. "Miaka ishirini naishi naye. Neno hilo halijapita kati yetu hata siku moja. Siku zangu zikifika natandika mkeka wangu chini, naye anaelewa. Sasa nikasimame pale nimwambie habari ya damu ya binti yake?"

Msichana alikuwa chumbani, amelala kaangalia ukuta. Aliamka aliponiona, akapiga magoti kunisalimia.

"Imekuja," akasema kabla sijamuuliza. "Siku ya hamsini na mbili."

Alikuwa amehesabu kichwani, bila karatasi.

"Kwa nini ulikimbia?"

"Mngenishika tumbo." Akasita. "Na wewe ungekuwepo unaangalia."

Nilitoka nje nikasimama mbele ya baba yake, na nilijua kwamba nikikaa kimya hata dakika moja sitasema tena.

"Mzee, nina neno la aibu. Nisamehe nalitamka mbele yako. Binti yako hana mimba. Yuko kwenye siku zake."

Panga likasimama juu ya mpini.

"Kasema nani?"

"Mama yake kaona. Na binti mwenyewe kaniambia."

Akaliweka panga chini. Kisha akatoa barua ya shule mfukoni mwa koti, akaikunjua, akaweka kidole kwenye mstari. Alisoma polepole, neno kwa neno. "Hapa pameandikwa siku ishirini na nane, kama walivyofundishwa na mwalimu wa somo. Mwalimu wa somo ni nani?"

"Ni mimi."

"Kumbe?"

"Nilifundisha vibaya, mzee. Nilifundisha kitu nilichokikariri."

Nikamweleza yote. Nilisema yai, nilisema damu, nilisema mji wa mimba, mchana kweupe, kwa mwanamume wa umri wa baba yangu. Nikamwambia mwili wa msichana haushiki mwendo kwa miaka ya mwanzo. Yai likichelewa, damu nayo huchelewa. Mtihani, chakula kibaya cha bwenini na hofu vyote vinaweza kulichelewesha. Mkewe alikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, nikiona ncha ya khanga yake. Mzee hakunitazama hata mara moja, lakini aliuliza maswali, na yalikuwa maswali mazuri. Je, kuchelewa huku ni ugonjwa? Je, kutamzuia kuzaa baadaye? Je, mama zao walikuwa hivi? Nikamjibu niliyoyajua, na pale nisipojua nikasema sijui.

Mwisho akauliza, "Wewe una watoto wangapi?"

"Sina, mzee."

Hapo ndipo alipoinua macho. Nilitegemea dharau, nilishaizoea. Akasema, "Pole," kisha akasogeza kigoda kwa mguu. "Kaa."

Nikakaa. Akaita chai iletwe. Tulipokwisha kunywa akasema maneno ya mwalimu ameyasikia, na ya mwalimu mwenzangu ameyasoma, na hayapatani. Anataka maandishi ya daktari. Kesho yake tukaenda hospitali Korogwe sote wanne, kwa kuwa mama naye alivaa khanga mpya akasema habaki. Msichana alitembea mbele peke yake. Daktari alimpima mkojo, akamwuliza maswali machache, akaandika kwamba hana mimba. Mzee aliisoma karatasi mara mbili kule nje, akaiweka pamoja na barua ya shule. Ijumaa mtu wa Mombo aliporudi aliambiwa binti yuko shule, na kweli alikuwa shule. Baba yake alimleta mwenyewe hadi mlangoni mwa ofisi.

Mkuu wa shule aliipokea karatasi ya daktari, akaiweka kwenye jalada, akasema tumshukuru Mungu. Ukaguzi wa muhula ule ulikuwa umepita Jumanne, nikiwa Makuyuni. Bwenini wenzake walikuwa wamevuta vitanda vyao mbali na cha kwake, na ilichukua muhula mzima virudi karibu.

Niliwaita wasichana tena maabara. Nilimrudishia kila mmoja karatasi yake mkononi, nikawaambia wanaotaka waendelee kuweka alama, lakini kwenye daftari lao, kwa alama wanayoijua wao, na asiwepo mtu wa kuiona, hata mimi. Kisha nikasema, "Nilikosea," na nikafuta ubao. Nikawachorea upya, nikihesabu kutoka damu kurudi nyuma, na nikawaonya kwamba hesabu hii inaeleza yaliyopita, haiwezi kumlinda mtu na mimba kesho. Yule binti wa wafugaji alinyoosha mkono.

"Basi hata wale ng'ombe wa baba?"

"Hata wale ng'ombe wa baba yako."

Walicheka, na msichana wa Makuyuni, aliyekaa peke yake karibu na sinki, alicheka pia kidogo. Wiki iliyofuata niliwaingiza wavulana, darasa zima pamoja, jambo ambalo lilisemwa sana chumba cha walimu. Aliyepiga mluzi siku ile aliandika kila neno.

Mume wangu alirudi kutoka safarini, nikamweleza kwamba duara langu lilikuwa kwenye siku isiyo yake. Alicheka hadi akakohoa. "Kumbe Segera haina kosa," akasema. Tulicheka wote, na sasa hatukuwa na kitu cha kulaumu. Watoto hatukujaliwa. Tulikuja kulea wawili wa dada yake.

Muhula uliofuata ukaguzi ulipangwa kama kawaida. Wasichana walipanga mstari nje ya stoo, na mkuu wa shule akanituma nikasimame. Nilitembea hadi nusu ya uwanja, nikaona mabega yao, jinsi walivyokuwa wameyakunja, nikageuka nikarudi ofisini.

"Siendi," nikamwambia.

"Ni maagizo, mwalimu."

"Najua. Siendi."

Hakunipigia kelele. Alipanga kalamu, akaniuliza kama ninaumwa, akinipa njia ya kutokea. Nikasema siumwi. Nesi aliwakagua peke yake siku ile, na mimi nikapewa barua ya onyo, na kabla mwaka haujaisha nikapewa ya uhamisho. Sikubadilisha chochote pale. Nasikia mstari ule uliendelea miaka mingi baada yangu. Msichana wa Makuyuni alimaliza kidato cha nne, hakufaulu kama nilivyotarajia, akajifunza ushonaji. Tukikutana sokoni Korogwe hunisalimia kwa heshima na kunipunguzia bei ya magauni, na mazungumzo yetu ni ya vitambaa.

Shule niliyohamishiwa Korogwe ilikuwa karibu na nyumbani kwa mama, ina umeme na maabara ya kweli. Siku ya pili tu makamu mkuu alinishika mkono, akafurahi kwamba hatimaye wamepata mwalimu wa kike, akanionyesha orodha ya zamu: usafi, michezo, ukaguzi wa wasichana. Jina langu lilikuwa limekwisha kuandikwa. Nikamwomba kalamu ya kulikata.